Meseji ya Kiarabu Iliyofika Vitengeni

Kazi yangu ni kuandika programu za simu na kompyuta. Watu wakiniuliza nafanya nini hapa Kilifi huwa nawajibu hivyo, na wengi hudhani nabadilisha vioo vya simu vilivyovunjika. Siku hizi sijihangaishi kuwasahihisha. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la mbao. Tuko watatu pamoja na bosi, na msumeno ukianza kulia chini inabidi tunyamaze mpaka umalize. Humo ndimo nilimoandika mfumo wa kliniki ninaotaka kuusimulia, na humo ndimo nilimofanya kosa ambalo mpaka leo namshukuru Mungu lilijitokeza mbele ya macho yangu, lisipite nyuma ya mgongo.

Kliniki yenyewe ilikuwa ndogo, pale pale mjini, ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Tiba ya watoto hao haianzi kwa kisu. Mtaalamu huushika mguu wa mtoto mchanga, huunyoosha kidogo, kidogo tu, kisha huufunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Baada ya wiki plasta inatolewa, mguu unanyooshwa kidogo tena, inafungwa nyingine. Wiki ya sita au ya saba ukiutazama mguu ule huamini kwamba ndio uliokuja umekunjwa kama ngumi. Siri yote ni kutokosa siku. Ndiyo maana tuliitwa. Walitaka mfumo utakaomkumbusha kila mzazi miadi yake kwa meseji, maana kadi za karatasi zilikuwa zinalowa, zinapotea, na moja, kwa ushahidi wa mama mmoja wa Ganze, iliwahi kuliwa na mbuzi.

Niliujenga kwa miezi miwili, na jambo nililoringia kuliko yote lilikuwa lugha. Kila simu ina mipangilio yake: imewekwa kwa lugha gani, na kwa desturi za nchi gani. Inapofungua ukurasa wa mtandao hutanguliza habari hizo kabla hujabonyeza kitu, kama mgeni anayejitambulisha mlangoni. Wenye simu wengi hawajui kwamba simu zao husema hivyo. Sisi waandishi wa programu tunajua, nasi husikiliza. Kwa hiyo mzazi alipotumiwa linki ya kujisajili, akaifungua, mfumo wangu uliisikia simu yake, ukaandika lugha yake, na tangu hapo meseji zake zote zikawa za lugha hiyo. Lugha zenyewe zilikuwa kumi na tano, kwa sababu niliujenga mfumo juu ya msingi wa bure ambao watu wa nchi mbalimbali walikuwa wameshautafsiri. Nilimwonyesha bosi. Akatikisa kichwa kwa furaha.

"Safi sana," akasema. "Mtu asiulizwe kitu ambacho tayari tunakijua."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Niliona tumefanya jambo la adabu.

Wiki ya tatu tangu mfumo uanze kazi, siku ya Alhamisi, nilikwenda kliniki kwa hiari yangu, nitazame tu watu wanautumiaje. Nilimkuta muuguzi, mama wa makamo aliyezaliwa Malindi mji wa kale. Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba nikizungumza naye hujikuta nachunga ulimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwangalia mtoto wako?" Mtoto wangu alikuwa kompyuta iliyokuwa mezani pake.

Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Wazazi walikuja na watoto wao, wakaingia, wakatoka. Saa sita mtaalamu alifunga mkoba wake akaondoka, maana mchana wa Alhamisi huwa na wagonjwa wengine Malindi. Kliniki ikabaki kimya. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu kwamba mambo yanakwenda vizuri, na mama muuguzi anafungua chakula chake, mlango ulipopigwa hodi.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Aliingia mwanamke wa umri wangu, thelathini na kitu, mtoto kambeba mgongoni kwa leso, viatu vimejaa vumbi jekundu la barabara ya bara. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyewahi.

"Nimetoka Vitengeni," akasema. "Nilidhani nitachelewa, lakini Mungu amesaidia. Miadi yangu ni ya saa nane."

Mama muuguzi aliweka kijiko chini. "Mama, miadi yako ilikuwa saa mbili asubuhi. Mtaalamu ameshaondoka."

Yule mama hakuelewa kwanza. Akatutazama, mimi na muuguzi, akatafuta ni nani kati yetu anayetania. Kisha akafungua leso, akamweka mtoto mapajani, akaufunua mguu. Hapo mimi niliyekuwa nimekaa nikasimama. Mguu ulikuwa mtupu. Wazazi huelekezwa wailoweshe plasta nyumbani asubuhi ya miadi, waiondoe taratibu, ili mtaalamu asipoteze muda. Naye alifanya alivyoelekezwa. Mtoto wa wiki sita alikuwa anapiga mateke hewani kwa furaha ya kuwa huru.

"Ataweza kukaa hivi mpaka Alhamisi ijayo?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Hawezi," mama muuguzi akajibu. "Huu ni mguu wa plasta moja tu. Ukiachwa wazi wiki nzima unarudi ulikotoka, na zile siku alizolia zimekwenda bure." Akamgeukia yule mama. "Ni nani aliyekuambia saa nane?"

"Meseji yenu."

Akatoa simu kwenye mfuko wa kitambaa uliokuwa shingoni, akampa muuguzi. Mama muuguzi akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akanikabidhi mimi. "Hebu wewe mwenye mashine. Hii ni nini?"

Ilikuwa Kiarabu. Meseji nzima, kutoka kulia kwenda kushoto, jina la kliniki yetu likiwa katikati kwa herufi za Kizungu kama mtu aliyepotea njia.

Nikamuuliza yule mama, "Wewe unasoma Kiarabu?"

"Mimi?" Akacheka kwa mshangao, mara ya kwanza tangu apewe habari mbaya. "Mimi ni Mgiriama, dada. Nasali kanisani."

"Sasa ulijuaje imeandikwa nini?"

Akatueleza. Simu yake huichaji dukani, kwa mtu mmoja anayeuza misumari na kamba pale Vitengeni, mwenye mtambo wa jua. Juzi alipokwenda kuichukua, mwenye duka akamwambia, mama, kuna meseji imeingia, na imeandikwa kama msahafu. Yeye ni Mwislamu, alisoma chuo cha Kurani Mambrui utotoni. Kiarabu cha kuzungumza hakijui, lakini herufi anazisoma. Akavaa miwani akaanza kuisoma kwa sauti neno kwa neno, huku wateja wanangoja. Neno moja akasema hili ni mauidi, si kama miadi yetu? Mbele akakuta tabibu, akasema hili sina haja ya kuuliza. Akakuta al-khamisi, akasema Alhamisi. Akakuta saa, na tarakimu ya nane anayoijua kwenye namba za aya. Akavua miwani. "Mama, tabibu anakungoja Alhamisi, saa nane. Usikose."

Nilikaa chini tena. Nikaisoma ile meseji upya, si kwa kuielewa, bali kwa kuangalia ule mstari wa saa. Baada ya ile tarakimu kulikuwa na herufi moja imesimama peke yake, swadi. Baadaye nilijua kwamba ndiyo alama ya asubuhi katika saa za huko, herufi ya kwanza ya neno lao la asubuhi. Tena hata bila herufi hiyo, nane yao inaanza kuhesabiwa usiku wa manane, na nane yetu inaanza kuhesabiwa jua linapotoka. Mwenye duka alikuwa amesoma sawasawa kila alichopewa kusoma. Mimi ndiye niliyempa saa ya watu wengine.

"Na wewe pia," mama muuguzi akamwambia yule mama, akihema.

Nikainua kichwa. "Kwa nini unasema na yeye pia?"

Alifunika chakula chake, akapangusa meza, kisha akasema, "Tangu mashine yako ianze, mwanangu, kila Jumatano nawapigia simu wazazi mmoja mmoja. Hata hao wa meseji za Kiswahili. Meseji inawaambia saa 8:00. Mswahili gani ukimwambia saa nane atakuja asubuhi? Nawapigia nawaambia, ni saa mbili, mje mapema. Huyu jana nilimpigia, simu haikupatikana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana. Nikasema nitakuambia ukishapumzika."

Sikujua nicheke au nilie. Asubuhi nzima nilikaa pale nikiandika kwamba mfumo unafanya kazi, kumbe mfumo ulikuwa ni yeye. Nilishika mkono wake nikamwambia ahsante. Akautoa mkono. "Ahsante baadaye. Huyu mtoto kwanza."

Akampigia mtaalamu. Alikuwa ameshafika Malindi, ana wagonjwa mpaka saa tisa. Akasema wakifika kabla hajaondoka atamfunga mtoto huko huko. Mimi nikampigia bosi, nikamweleza kwa maneno machache: kosa ni langu, mtoto yuko wazi, naomba gari. Bosi wetu ni mtu wa kuuliza maswali mengi. Siku ile aliuliza moja tu.

"Lina mafuta?"

"Sijui."

"Pitia kituoni kwanza. Funguo ziko kwenye droo yangu."

Kwa hiyo saa nane na nusu tulikuwa tumeshaipita Tezo, mimi kwenye usukani, yule mama nyuma na mtoto wake amelala. Nilikuwa nimemwomba msamaha kliniki, mbele ya muuguzi, kwa maneno niliyoyaona mazuri. Ndani ya gari niliona hayakutosha, nikamwomba tena. Niliona kwenye kioo anatazama nje, ameuzungushia mguu wa mtoto kiganja chake, ule mguu wa kushoto, kana kwamba kiganja kitaushikilia usirudi nyuma.

Karibu na Matsangoni akasema, "Dada, nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Hiyo mashine yako ilijuaje kwamba mimi ni Mwarabu?"

"Haikujua. Iliisikia simu yako. Simu yako ndiyo iliyosema Kiarabu."

"Simu hii ni ya mdogo wangu," akasema. "Yuko kazini Uarabuni, kazi za ndani. Tajiri wake alimpa nyingine, hii akanitumia kwa mtu aliyekuwa anarudi. Lugha iliyomo ni ya nyumba aliyokuwa akifanya kazi. Mimi najua tu pa kubonyeza. Kijani kupokea, nyekundu kukata, kile kidude cha rangi ya samawati kumsikia mdogo wangu." Kisha akaongeza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Na mimi siku ya kujisajili nilikuwa nimekaa pale pale, nimeishika mkononi. Ilishindwa nini kuniuliza?"

Nilitazama barabara.

Wazazi wangu walitoka bara, kule kwenye baridi, wakaja Kilifi kwa kazi, na mimi nikazaliwa Kibarani. Kiswahili nilikipata kwa jirani zetu kabla sijaanza shule. Njiani kwenda shule palikuwa na mama muuza maandazi, mwema sana, ambaye kila nikisimama alinisemesha pole pole, kwa Kiswahili cha kuvunjavunja, neno moja moja na vidole, kwa kuwa aliwajua wazazi wangu ni watu wa bara. "Wewe, taka, ngapi?" Nami nilikuwa namjibu kwa Kiswahili cha Kibarani, naomba mawili mama, yaliyokolea sukari. Kesho yake anaanza upya. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amekadiria, na makadirio yake yalikuwa na upendo ndani yake. Lakini nakumbuka nilivyokuwa nikiondoka na maandazi yangu nikijiuliza ni lini atanisikia. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo miaka mingi. Lilinirudia pale, kati ya Matsangoni na Gede, likaniuma.

"Hakuna kilichoishinda," nikamwambia yule mama hatimaye. "Ni mimi sikuiambia iulize."

"Basi iambie," akasema.

Tulifika Malindi saa tisa na robo. Mtaalamu alikuwa anaosha mikono baada ya mgonjwa wake wa mwisho, msaidizi wake ameshaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Alitazama mguu, akaupapasa kisiginoni kwa kidole gumba, akaugeuza taratibu, na uso wake ukalegea.

"Mguu bado upo tulipouacha," akamwambia yule mama. "Umefanya vizuri kuja leo leo." Kisha akanigeukia. "Wewe ni nani?"

"Ni yule wa mfumo."

"Sawa, wa mfumo. Nawa mikono uje ushike vidole."

Sikuwa nimewahi kushika mguu wa mtoto mchanga kabla ya siku ile. Mimi ni kitinda mimba, wala sina mtoto. Alinionyesha. "Shika hivi. Usivute, shika tu." Vidole vitano vidogo kama mbegu za boga vilikaa kati ya vidole vyangu viwili, vya moto, vinatekenya. Mama alimpa mtoto ziwa. Mtaalamu aliunyoosha mguu kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote, akakaa ameushikilia mpaka ukakubali, ndipo akaanza kuzungusha pamba, kisha bandeji zenye chokaa zilizoloweshwa. Maji meupe yalinitiririka mpaka kiwikoni. Nilimwona mtoto ananyonya amefumba macho, na mama yake ananitazama mimi jinsi ninavyoshika. Nadhani hapo ndipo aliponisamehe, maana aliinama akanipangusa chokaa shavuni kwa ncha ya leso yake.

Plasta ilipokuwa inakauka tulikaa kwenye kibaraza, mimi na yeye, tukanywa maji ya dafu. Nikamwambia, "Nipe simu nikuwekee Kiswahili. Ni dakika moja."

Alifikiri. "Usiiguse," akasema. "Nimeshazoea kila kitu kilipo. Ukiigeuza nitapotea. Tena mdogo wangu akirudi likizo ataitaka." Akaiweka simu kwenye mfuko wake wa shingoni. "Simu iache ilivyo. Badilisha yako."

Nimewahi kusikia walimu wengi wa fani yangu, darasani na mtandaoni. Sikumbuki aliyewahi kunifundisha zaidi kwa maneno machache kuliko hayo. Mipangilio ya simu ni habari za simu. Inaweza kukudokezea jambo, nawe ukashukuru kwa dokezo, lakini mwenye simu ndiye wa kusema neno la mwisho.

Niliwarudisha mpaka Kilifi, mama muuguzi akawa ameshawapatia pa kulala kwa dada yake, na asubuhi wakapanda gari la Vitengeni. Mimi Ijumaa hiyo nilifika ofisini kabla ya watu wa mbao. Nilimweleza bosi kila kitu, pamoja na ile habari ya muuguzi kupiga simu kila Jumatano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema mtu asiulizwe," akasema.

"Ulisema asiulizwe tunachokijua. Hatukukijua. Tulikadiria."

Msumeno ukaanza chini, tukangoja. Ulipokoma akasema, "Basi uliza. Lakini uliza mara moja, na uliza vizuri."

Tulifanya hivyo. Sasa mzazi akifungua ukurasa kwa mara ya kwanza, anakutana na swali moja, tumkumbushe kwa lugha gani, na lugha zimeandikwa kila moja kwa jina lake lenyewe. Ile ambayo simu imeitaja tunaitanguliza juu kwa heshima, basi. Akichagua nyingine, tunashika aliyosema yeye, si iliyosema simu. Saa tumeacha kuichukua kutoka kwenye mipangilio. Kwa Kiswahili tunaandika kwa maneno, saa mbili asubuhi, siku kwa jina lake na mwezi kwa jina lake. Ni kazi ya siku nne tu. Miezi miwili nilijenga ujanja wa kutouliza, na siku nne zikatosha kuuliza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikwenda Vitengeni kumtafuta mwenye duka la misumari. Sikuwa na shughuli nyingine huko. Nilimkuta anapima kamba kwa mkono, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, simu za watu zimepangwa nyuma yake kama mikate. Nikamtolea salamu, nikamweleza mimi ni nani. Akaiacha kamba.

"Ni wewe!" akasema. "Dada, mimi sijalala vizuri tangu yule mama aniambie. Nilimpoteza mama wa watu saa sita nzima."

"Hukumpoteza. Bila wewe asingekuja kabisa."

"Ile swadi niliiona," akasema, hanisikii. "Imesimama peke yake. Na katika msahafu mna mahali swadi inasimama peke yake, na maana yake ajuaye ni Mwenyezi Mungu. Nikaipita kwa heshima. Kumbe ilikuwa asubuhi!" Akajipiga paji la uso, na wote waliokuwepo dukani wakacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi. Nilimwambia nimetoka Kilifi kwa ajili ya kumshukuru tu, kwamba alisoma maneno ambayo mimi niliyeyatuma nisingeweza kuyasoma. Akaona haya. Akaniagizia chai.

Nikiwa nakunywa nilimwonyesha meseji mpya ya Kiswahili, nikitaka aione saa ilivyoandikwa. Aliisoma kwa sauti: "Unatakiwa kuhudhuria miadi yako bila kukosa." Akanitazama juu ya miwani. "Hii ni barua ya chifu? Mama akiipata hii atauliza ameshtakiwa na nani."

"Ungeandikaje wewe?"

"Ningesema, mama, tunakungoja wewe na mtoto. Kisha siku, kisha saa. Akijua anangojwa atakuja."

Niliyaandika maneno yake pale pale, kwenye kaunta, kati ya misumari ya inchi mbili na ya inchi tatu. Ndiyo meseji tunayoituma mpaka leo, haijabadilika hata neno.

Kigiriama, lugha tuliyoiongeza kwenye orodha yetu, ilitusumbua zaidi, kwa sababu wengi wanaoichagua hawajazoea kuisoma. Wanaisema. Mama muuguzi ndiye aliyetoa wazo la kuwapigia kwa sauti iliyorekodiwa, na alipoulizwa sauti ya nani, akasema anamjua mtu. Basi yule mama wa Vitengeni alikuja ofisini kwetu Jumatatu moja na mtoto wake, aliyekuwa kwenye plasta ya tano. Bosi alishuka mwenyewe kuwaomba watu wa mbao wazime msumeno robo saa, nao wakazima na kuja kukaa ngazini kusikiliza. Alianza kwa aibu, akinong'ona. Nikamwambia, usiisemeshe mashine, msemeshe mama mwenzio aliye na mtoto kama wako. Akavuta pumzi, akaanza tena, "Mudzalamukadze," yaani mmeamkaje, kwa sauti ya mtu anayeingia uani kwa jirani asubuhi, na sikulazimika kurekodi mara ya tatu.

Mguu wa mtoto uliisha kunyooka ndani ya wiki saba. Sasa anavaa vile viatu vyenye chuma katikati wakati wa kulala, na ataendelea navyo miaka kadhaa. Mchana anatambaa, na mama yake analalamika kwamba hakuna sufuria iliyo salama.

Alhamisi ya kwanza baada ya ile sauti kuanza kupigiwa watu, nilikwenda kliniki tena, safari hii bila daftari. Bibi mmoja kutoka upande wa Ganze alifika na mjukuu wake saa mbili kasoro robo, mtaalamu hata hajafungua mkoba. Mama muuguzi akamkaribisha, akamuuliza kama alipata simu yetu. Bibi akasema aliipata, na kwamba yule msichana aliyempigia ana adabu sana, ila ana haraka. Yeye bibi alimwitikia salamu, akamuuliza watoto hawajambo, na kabla hajajibiwa msichana akawa ameshaanza habari ya miadi. Mama muuguzi alinitazama. Nikasogea kwenye benchi karibu na bibi, nikamwamkia, nikamwambia hawajambo.